Kompyuta Zilizotoka Ofisi za Watu

Mwezi uliopita binti mmoja anayefanya mafunzo ya kazi kwenye chumba chetu cha habari aliniomba nimsindikize Kariakoo kununua kompyuta mpakato. Mkobani alikuwa na laki tano na nusu, alizozichanga kwa miezi saba. Duka la kwanza tukaonyeshwa mbili. Moja mpya kabisa, bado ina nailoni, nyembamba kama daftari, rangi ya fedha, laki tano na ishirini. Nyingine nyeusi, nzito, pembe zimechubuka, na juu ya kifuniko kuna gundi ya stika iliyobanduliwa. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona bado alama ya namba ya mali ya kampuni fulani ya Ulaya. Hiyo laki tano na nusu kamili, na umri wake miaka saba.

Binti akanitazama. "Dada, si mtumba hii?"

Nikamwambia achukue mtumba. Akadhani namtania. Tukamwambia muuzaji tunazunguka kidogo, kama kawaida, tukapanda daladala ya Mwenge, na njia nzima nikawa namweleza kwa nini mashine chakavu ya miaka saba ni salama kuliko mpya. Sikumaliza. Foleni ya Morocco yenyewe haikutosha. Hapa namalizia.

Lazima nianze na hasara yangu mwenyewe, maana bila hiyo nisingejua lolote kati ya haya. Mwaka 2018 nilinunua mpakato mpya, ndogo, nyepesi, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Nilijivunia sana waranti yake. Mwaka uliofuata nikaanza kumrekodi mzee mmoja aliyekuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji hapa Dar es Salaam miaka ya sabini. Alipanga herufi za risasi, moja moja, kwa mkono. Vitabu ambavyo baadhi yetu tulivisoma shuleni vilipita kwenye vidole vyake kinyumenyume, kwa sababu herufi ya risasi inasomwa kama inavyosomwa kwenye kioo. Alinieleza mwandishi gani alikuwa haruhusu nukta yake iguswe, na yupi alikuwa anawaletea vijana soda ili kitabu chake kipite mbele ya cha mwenzake. Vikao sita, saa kumi na moja za sauti. Kila nikitoka kwake nahamishia sauti kwenye kompyuta, nafuta kadi ya kinasa ili kikao kijacho kipate nafasi.

Masika ya 2021 umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena. Mzee alikuwa ameshafariki miezi minne nyuma.

Fundi alifungua skrubu, akafunua kifuniko cha chini, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Dada, diski iko wapi?"

"Fundi, unaniuliza mimi?"

"Hamna diski humu. Mafaili yako yako hapa." Akagusa kwa ncha ya bisibisi kijiwe cheusi, kidogo kuliko ukucha wangu. "Kimechomelewa kwenye bodi. Na bodi ndiyo iliyoungua. Ingekuwa diski ya kuchomoa, ningekuchomolea sasa hivi, nikakuchomekea kwenye kompyuta nyingine, ukaondoka na vitu vyako."

Fundi wa pili alijaribu kukinyanyua kile kijiwe kwa mashine ya hewa moto. Kilinyanyuka, ila hakikusomeka tena. Kilichobaki kwa mzee wangu ni kurasa 14 nilizokuwa nimemtumia mhariri kwa barua pepe.

Najua, ningetunza nakala mahali pengine. Nimeshaambiwa na kila mtu, pamoja na mama yangu ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Kosa hilo ni langu na nalibeba. Lakini lilibaki swali ambalo halikuwa langu: nani aliamua kwamba kumbukumbu za mtu zichomelewe kwenye bodi, na aliamua lini? Nilikwenda kutafuta jibu, nikaikuta historia nzima ya mashine hizi imegawanyika njia mbili.

Jina lenyewe, kwanza, nalipenda. Mpakato, kutokana na kupakata, yaani kile tunachomfanyia mtoto. Wakenya wakaongeza lao, kipakatalishi, wakiunganisha kupakata na tarakilishi. Lakini kompyuta za kwanza kuuzwa kwa sifa ya kubebeka hazikupakatika hata kidogo. Osborne 1, iliyotoka Marekani mwaka 1981 kwa dola 1,795, ilikuwa na uzito wa kilo kama 11, kioo cha inchi tano, na haikuwa na betri ndani. Ukiifunga inafanana na cherehani iliyo ndani ya sanduku lake. Unaibeba, ndiyo, kama unavyobeba debe la maji. Iliuzwa sana hata hivyo, na kampuni ikafilisika mwaka 1983.

Mwaka huohuo 1983 ikatoka mashine ambayo mimi, kwa kazi yangu, naionea wivu mpaka leo. Iliitwa TRS-80 Model 100. Iliundwa Japani na kampuni ya Kyocera, ikauzwa Marekani na maduka ya Radio Shack. Kioo chake kilionyesha mistari minane tu, herufi arobaini kila mstari. Lakini kibodi ilikuwa kamili, uzito kilo moja na nusu haifiki, na ilitumia betri nne ndogo za kawaida, zile za tochi na redio, zikakaa saa zipatazo ishirini. Ndani ilikuwa na modemu. Mwandishi wa habari aliyeko uwanja wa mpira au mji wa mbali anaandika habari yake, anaunganisha waya wa simu ya hoteli, habari inafika chumba cha habari. Waandishi wa Marekani waliipenda kiasi kwamba wengine waliendelea kuitumia miaka mingi baada ya kupitwa na wakati. Bill Gates mwenyewe aliandika sehemu kubwa ya programu yake, na amewahi kusema hiyo ni kati ya mashine za mwisho alizoziandikia kwa mkono wake. Betri ikiisha unanunua nyingine dukani. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na bado sijapata mpakato ambayo ningeweza kuiwasha upya kwa kwenda dukani kwa Mangi.

Upande wa pili, mwaka 1982, ilitoka GRiD Compass. Mbunifu wake, Mwingereza Bill Moggridge, ndiye aliyeweka kioo kwenye bawaba kikafunika kibodi, umbo ambalo kila mpakato inalo leo. Bei yake ilizidi dola 8,000. Wanunuzi wake walikuwa watu kama jeshi la Marekani na shirika la anga la NASA, ambalo liliirusha kwenye vyombo vyake. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla hata kompyuta hizi hazijazoeleka, palikuwa na mashine ya mtu anayejinunulia kwa hela yake, na palikuwa na mashine ambayo taasisi inamnunulia mtu.

Hii ya taasisi ndiyo inayonihusu, maana ndiyo inayokuja Kariakoo.

Oktoba 1992 IBM ikatoa ThinkPad 700C. Jina lilitokana na vijidaftari vidogo ambavyo kampuni ilikuwa inawapa wafanyakazi wake, vimeandikwa THINK juu ya jalada. Umbo lilichorwa na Richard Sapper, Mjerumani aliyefanyia kazi zake Milan. Alitaka kitu kinachofanana na bento, kile kisanduku cheusi cha chakula cha Wajapani: nje kimya, hakikuambii kitu, ukikifungua ndiyo unaona kilichomo. Akaweka na kile kinundu chekundu katikati ya vitufe. Wahandisi walikuwa Yamato, Japani, chini ya Arimasa Naitoh, na kazi yao kubwa ilikuwa kuitesa mashine: kuiangusha, kuitikisa, kufungua na kufunga bawaba mara maelfu. Bei ilikuwa dola 4,350. Mtu wa kawaida hakuwa na pesa hiyo, na wala hakukusudiwa.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo. Mnunuzi wa mashine hizi hakuwa mtumiaji. Kampuni ya bima au benki inanunua elfu tano kwa mpigo, au inazikodi kwa mkataba wa miaka mitatu minne, na katika muda huo kila inayoharibika ni gharama: mfanyakazi anakaa bure, fundi analipwa. Ndiyo maana mtengenezaji alilazimika kuziunda zifunguke haraka. Kibodi inatoka kwa skrubu chache. Diski inachomoka kwa skrubu moja. RAM ina kilango chake chini. IBM ilitoa hadharani kitabu cha matengenezo cha kila toleo, chenye michoro ya kila skrubu na urefu wake, na Lenovo iliyonunua kitengo hicho ikaendelea kuvitoa. Washindani, Latitude ya Dell na baadaye EliteBook ya HP, walifuata mkondo huohuo kwa sababu walikuwa wanabisha hodi kwenye milango ileile ya mabenki. Hakukuwa na huruma katika uimara huo. Zilikuwa hesabu za mhasibu. Mimi maskini nikafaidika na hesabu ambazo hazikufanywa kwa ajili yangu.

Kwa sababu mkataba ukiisha, mashine zote elfu tano zinarudi siku moja, nzima na mbovu. Hakuna aliyeziangalia moja moja akaona zimechoka. Kalenda ndiyo iliyosema. Zinafutwa, zinapangwa kwenye makasha, zinapita Dubai au zinakuja moja kwa moja, na siku moja zinafika mtaani kwetu zikiwa na gundi ya stika kifuniko cha juu.

Sisemi kwamba kila kilichotoka ofisini ni kitakatifu. Mwaka 2006 Dell iliita betri zipatazo milioni 4.1 zirudishwe, zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ziliweza kushika moto, na za Latitude zilikuwemo. Na Lenovo ya China ilipoichukua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005, wapenzi wa ThinkPad waliomboleza kama watu waliofiwa. Naitoh na wenzake wa Yamato walibaki kazini, mashine ziliendelea kuwa mashine, na nusu ya waliolia walinunua toleo lililofuata.

Njia ya bei rahisi nayo ina historia yake, na ilianza kwa nia njema kabisa. Novemba 2005, kwenye mkutano wa kilele wa Umoja wa Mataifa kuhusu jamii ya habari, mjini Tunis, Nicholas Negroponte alisimama na Kofi Annan kuonyesha kompyuta ya dola mia moja kwa watoto wa nchi maskini. Ilikuwa na mkono wa kuzungushia umeme, kama redio za dharura, na mkono huo ukatoka palepale mbele ya watu. Watu bado wanacheka. Mimi siku hizi sicheki, kwa sababu mashine iliyokuja kuzalishwa, XO, ilikuwa imefikiriwa vizuri kuliko nyingi zilizoifuata: kibodi isiyoingiza vumbi wala maji, betri ya kubadilisha, kifuniko ambacho mwanafunzi aliweza kukifungua mwenyewe. Rwanda iligawa mamia ya maelfu mashuleni. Ilichoshindwa ni bei, ilikaribia dola mia mbili, na mipango ya ualimu, ambayo ni hadithi nyingine.

Soko lilichukua wazo la bei, likaacha hayo mengine. Mwaka 2007 ikaja Eee PC ya Asus, inchi saba, chini ya dola 400, ikauzwa kama maandazi. Uhifadhi wake, gigabaiti nne, ulikuwa umechomelewa kwenye bodi. Baadaye vijiwe vya uhifadhi vilivyotengenezewa simu vikawa rahisi mno, na kuanzia 2014 hivi zikajaa sokoni mpakato za dola mia mbili zilizojengwa kama simu kubwa yenye kibodi. Hivyo ndivyo kijiwe changu kilivyofika kwenye bodi yangu. Aliyepanga bei alihitaji kuondoa soketi, skrubu, kilango, na dakika za mtu wa kuvifunga kiwandani. Ukiinunua mwenyewe, kwa hela yako, hakuna mhasibu wa benki upande wako wa meza.

Sasa, sisi tuliingiaje humo? Kwa kuchelewa, na kwa makusudi. Serikali ya Tanzania ilikuwa na kompyuta mapema, Wizara ya Fedha ilifunga ya kwanza mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zilikuwa zimeanza kuonekana mzigo: zinakula fedha za kigeni, zinategemea wataalamu wa nje, na zilikuwa zimeshatia doa kwenye hesabu za serikali yenyewe. Kamba haikulegezwa mpaka miaka ya themanini, na televisheni bara tukaiona 1994. Vijana wenzangu tukilisikia hilo tunacheka, lakini ukilisoma na kumbukumbu ya uchumi wa miaka ile si ujinga mtupu. Nchi ilikuwa inauliza swali lilelile alilouliza fundi wangu: kikiharibika, nani atakifungua?

Mzee wangu alikuwa anapanga risasi katika miaka hiyohiyo. Nilimuuliza kuhusu amri ile, kikao cha nne au cha tano. Nakumbuka alicheka, akaweka kikombe chini, akanieleza kitu kirefu kuhusu mgeni mmoja aliyefika kiwandani na kinachofanana na taipureta. Nakumbuka kicheko. Alichosema sikikumbuki, na nilikuwa nimekaa kwa raha zote kwa sababu nilijua kinasa kinafanya kazi.

Marufuku ilipokwisha, wengi wetu tuliingia kwenye kompyuta kupitia mitumba, kama tulivyoingia kwenye suruali na magari. Na si kila mtumba ni baraka. Makasha mengine yalileta taka zilizovaa jina la msaada, na mwaka 2009 Uganda ilitangaza kwenye bajeti yake kupiga marufuku friji, kompyuta na televisheni zilizokwishatumika. Naielewa hofu yao. Ila marufuku haikutenganisha kompyuta mbovu iliyotupwa na kompyuta nzima iliyomaliza mkataba, na mwanafunzi wa chuo anajua tofauti hiyo mfukoni mwake. Kipindi kilekile Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ya bure, menyu zote Kiswahili. Nimewahi kuiona ikiendeshwa kwenye mashine iliyokuwa mzee kuliko mtumiaji wake.

Na sasa njia zile mbili zinarudi kukutana, pabaya. Mwaka 2012 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Mwaka huohuo ThinkPad X1 Carbon ikafanya vivyo hivyo, maana wakurugenzi nao walitaka wembamba. Toka hapo ugonjwa ukashuka ngazi. X270 ya 2017 unaiongezea RAM, X280 iliyoifuata huwezi. T480 ya 2018 ina nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja unaichomoa kwa nje bila hata bisibisi. T490 ya mwaka uliofuata sehemu ya RAM imechomelewa. Kwa hiyo mtu akikuambia nunua nyeusi yoyote, anakupoteza. Rangi ni ileile, ndani si ileile.

Halafu kuna mstari uliochorwa na Microsoft. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani za kuanzia mwisho wa 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, ambazo hazina ugonjwa wowote, zikawa marehemu wanaotembea. Kariakoo utazikuta zimeshuka bei, na wauzaji wengine wanazilazimishia Windows 11 kwa ujanja, zinawaka vizuri tu dukani, hawakuambii. Mtu anayekubali Linux anaweza kujipatia mashine nzuri sana kwa laki tatu, na mimi mwenyewe ningeichukua. Mtu ambaye chumba chake cha habari kinamtaka na Windows, hiyo haimfai. Binti wetu yuko kundi la pili, ndiyo maana T480, iliyo palepale mstarini, kwake ilikuwa karibu na dawa. Ni mashine ya mwisho ya ukoo wake kukubali kufunguliwa namna ile, na ya kwanza kuvuka mstari wa Windows.

Jumamosi tukarudi. Muuzaji alitukumbuka, ile mpya ya rangi ya fedha akaiweka mbele tena. Nikamwomba nyeusi.

Kwanza niliizima, nikaiwasha nikiwa nimebonyeza F1, kuona kama imefungwa kwa nywila ya ile kampuni ya Ulaya. Hilo ndilo linalowaumiza watu wengi na hawalijui: ofisi inafuta diski lakini inasahau nywila iliyoko kwenye bodi, na siku betri ya saa ikifa unabaki na jiwe. Haikuwa imefungwa. Nikafungua kifuniko kwa kukishika pembe moja, bawaba ikakaza bila kulia. Binti akaandika kila herufi ya alfabeti kwenye faili tupu, na Ng na Gh na Dh akazirudia, kwa sababu anaandika Kiswahili na hizo ndizo atakazozigonga mpaka azeeke. N ilikuwa inakwama kidogo. Tukaondoa kumi kwenye bei kwa ajili ya N. Betri ya nje ilikuwa imechoka, inashika saa moja na robo, ya ndani nzima. Betri ya nje inauzwa mtaa wa pili, kwa hiyo hiyo haikunitisha. Feni haikuvuma. Tukaiacha iwashwe nusu saa huku tunakunywa maji, nikaweka kiganja chini, vuguvugu tu.

"Sasa naomba bisibisi, kaka," nikamwambia muuzaji.

"Ya nini, dada? Nimeshakuhakikishia."

"Nataka aone ndani."

Hakupenda. Wateja wengine walikuwa wanasubiri, na kaunta yake ndogo. Lakini ilikuwa laki tano na arobaini taslimu juu ya meza, akatoa bisibisi kwenye droo. Kifuniko cha chini kina skrubu sita ambazo hata ukizilegeza hazidondoki, zimeshikwa hapohapo kwenye kifuniko, kwa sababu zamani mtu fulani Yamato alimfikiria fundi anayetambaa sakafuni akitafuta skrubu. Tukakinyanyua. Vumbi la nchi nyingine lilikuwa limelala kwenye feni.

Binti akainama karibu.

"Diski ni ipi, dada?"

Nikamwonyesha. Akaigusa kwa kidole, taratibu.

"Hii inatoka?"

"Inatoka."

Akampa muuzaji hela, akahesabiwa mbele yake mara mbili, na kabla hatujafunga kifuniko akatoa simu akaipiga picha.